AFYA YA FAMILIA: Uvimbe Uliokatwa Unaporudi



Mwezi huu nimeona niandike juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana katika vikao vyetu vya akina mama. Tumezoea kusikia habari za saratani ya titi na ile ya shingo ya kizazi, na ni vizuri tuzisikie, kwa maana hizo ndizo zinazotuandama zaidi. Lakini ziko saratani nyingine za nadra zinazoota kwenye nyama laini za mwili: chini ya ngozi, kwenye mafuta, kwenye misuli na kwenye mishipa. Zikiota kifuani hufichwa na nguo. Zikikatwa bila mpango hurudi. Mwanamke anaweza kukaa nazo miaka mitano akidhani ni kovu tu.

Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto watatu, ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Yeye alianza kuona kinundu kigumu chini ya mtulinga, upande wa kushoto, ukubwa wa punje ya hindi. Hakikuuma wala hakikuwasha. Alidhani ni kovu la tetekuwanga. "Mwili wangu unapenda makovu," alikuwa akisema, kwa maana hata alipotoboa masikio yaliota makovu makubwa. Mwaka wa pili kinundu kikapata mwenzake. Alipobeba mimba ya mtoto wa tatu vikakua haraka, ngozi ya juu ikawa nyeusi zaidi na yenye kung'aa, na mkanda wa sidiria ukawa unavikwaruza mpaka vinatoa damu.

Alipojifungua alikwenda kwenye zahanati moja. Alichomwa sindano ya ganzi, akakatwa, akashonwa nyuzi nne, na jioni ile ile akapika chakula nyumbani kwake. Kile kinyama kilichotolewa kilitupwa kwenye ndoo. Baada ya miezi minane uvimbe ulirudi palepale, pembeni mwa kovu. Akakatwa mara ya pili, mahali pengine, na kinyama kikatupwa tena.

Mara ya tatu alikuja kwangu. Kovu lilikuwa refu kama kidole, na kandokando yake vinundu vitatu, kimoja kikubwa kama ndimu. Akaniuliza, "Dada, mbona kitu hiki hakichoki?"

Nikamwuliza swali moja tu: "Majibu ya maabara yalisemaje?"

Akanitazama. "Maabara gani?"

HII NI SARATANI YA NAMNA GANI?

Saratani za nyama laini huitwa sakoma. Jina hilo latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Ni chache sana: katika watu wazima 100 wenye saratani, ni kama mmoja tu mwenye sakoma. Tena zimegawanyika katika aina zaidi ya 70, kila moja na tabia yake. Ndiyo maana mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asiione hata moja. Hatupaswi kumlaumu kwa kutoitambua kwa macho. Lakini mtu yeyote anayekata uvimbe anaweza kuupeleka ukapimwe.

Ile iliyompata rafiki yangu ina jina refu: dermatofibrosakoma protuberansi. Madaktari wa Ufaransa, Darier na Ferrand, waliieleza mwaka 1924. Huota ndani ya ngozi, zaidi sana kwenye kiwiliwili, yaani kifuani, tumboni, mgongoni na mabegani. Huwapata hasa watu wenye umri wa miaka 20 hadi 50, umri ule ule ambao mwanamke ana watoto wa kulea. Huko Marekani, ambako wagonjwa huhesabiwa kwa makini, huwapata watu wapatao 4 katika kila milioni kwa mwaka, na watu weusi huipata zaidi kuliko weupe. Wakati wa mimba imewahi kuonekana ikikua kwa haraka, kama ilivyokuwa kwa rafiki yangu.

Habari njema ni kwamba aina hii haina haraka ya kusafiri mwilini. Wagonjwa ambao saratani yao huhamia mapafuni au kwingineko ni chini ya 5 katika kila 100. Ubaya wake ni mwingine. Ni king'ang'anizi mahali pake.

KWA NINI HURUDI?

Wewe unayelima unalijua gugu la ndago. Ukiling'oa kwa mkono unapata majani, shamba linaonekana safi, na wiki inayofuata limechipuka tena, kwa sababu vitunguu vyake vimebaki chini ya udongo. Sakoma hii iko hivyo. Kinundu unachokiona ni majani. Chini ya ngozi imetandaza vidole vyembamba visivyoonekana kwa macho wala kushikika kwa mkono, navyo hufika mbali kupita ukingo wa uvimbe. Anayekata kinundu peke yake amekata majani.

Tena, kila inapokatwa vibaya, ndivyo kazi inayofuata inavyokuwa ngumu. Kovu la zamani huchanganyika na uvimbe mpya, na daktari hawezi tena kujua kwa urahisi wapi ni kovu na wapi ni saratani. Uvimbe nao unaweza kuzama chini kufikia misuli, na hata mbavu. Na wakati mwingine sehemu ya uvimbe hubadilika ikawa kali zaidi, na hapo ndipo hatari ya kuhamia mapafuni huongezeka. Kwa hiyo upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko yote, na haufai kufanywa kwa kubahatisha.

NI KOVU AU NI UVIMBE?

Swali hili ni letu hasa, kwa kuwa makovu yanayovimba, ambayo madaktari huyaita keloidi, ni mengi katika ngozi zetu nyeusi, na kifua ni mahali yanapopenda kuota. Tofauti zake ni hizi.

Keloidi kwa kawaida ina mwanzo unaojulikana: chunusi, jeraha, chanjo, kuungua, upasuaji. Mara nyingi huwasha au huchoma. Sakoma ya ngozi mara nyingi huanza bila jeraha lolote, tena kimya kimya. Huwa ngumu kama mpira wa raba, na baadaye huota vinundu viwili vitatu juu ya bamba moja gumu. Hukua polepole kwa miaka, kisha ghafla hukua haraka. Inaweza kupasuka na kutoa damu.

Lakini nisikudanganye, ndugu yangu. Hata daktari bingwa hawezi kuapa kwa kutazama tu. Ndiyo sababu tunahitaji maabara.

KIPIMO KINACHOAMUA

Kabla ya kukata uvimbe wote, daktari huchukua kinyama kidogo kwa sindano nene au kwa kisu kidogo, kwa ganzi ya kawaida. Sindano hiyo yapasa ichomwe mahali ambapo daktari atakayefanya upasuaji mkubwa ataweza kupaondoa pamoja na uvimbe. Wengine huogopa kwamba saratani ikiguswa na chuma itasambaa. Hofu hiyo imewachelewesha wengi. Kinyama kikichukuliwa kwa utaratibu huo, faida yake ni kubwa kuliko hatari yake.

Kinyama huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya fomalini ili kisioze. Mara nyingi hospitali humpa mgonjwa au ndugu yake chupa hiyo aipeleke maabara mwenyewe. Ukipewa, angalia kwamba chupa imeandikwa jina lako, tarehe na mahali kinyama kilipotolewa. Usiiweke nyumbani wiki nzima ukingoja mshahara. Ipeleke.

Maabarani mtaalamu hukata kinyama vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvitazama kwa hadubini. Chembe za saratani hii huonekana zimepangika kama ukindu uliosukwa mkeka, na wataalamu huuita mpangilio huo kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkeka. Ziko pia rangi maalumu zinazosaidia kuitofautisha na vimbe nyingine zinazofanana nayo. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Ya rafiki yangu yalichukua tatu, na zilikuwa wiki ndefu.

Baada ya hapo hufuata picha. Kipimo cha MRI au CT huonyesha uvimbe umezama kiasi gani na kama umegusa misuli au mbavu. Ikiwa sakoma ni ya aina kali, au ni ile iliyorudi mara nyingi, mapafu nayo hupigwa picha, kwa sababu sakoma husafiri zaidi kwa njia ya damu, na kituo chake cha kwanza mara nyingi ni mapafu.

MATIBABU

Dawa kuu ni upasuaji mpana. Daktari huondoa uvimbe, kovu lote la zamani, na ngozi nzima inayozunguka kwa upana wa sentimita 2 hadi 4, pamoja na utando unaofunika misuli chini yake. Wengine hushtuka: uvimbe wa ndimu, jeraha la sahani! Lakini huko ndiko kuchimba ndago mpaka kitunguu cha mwisho.

Kisha ukingo wa nyama iliyotolewa hupimwa pande zote. Kukikutwa chembe za saratani ukingoni, daktari hukata tena. Katika miaka ya 1930 daktari Mmarekani, Frederic Mohs, alianzisha njia ya kukata tabaka kwa tabaka na kulipima kila tabaka kwa hadubini mgonjwa akiwa bado anasubiri. Pasipo na utaalamu huo, daktari anaweza kuliacha jeraha limefungwa bandeji mpaka majibu ya ukingo yaje, ndipo alizibe. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa rafiki yangu. Alilazwa na jeraha wazi siku tisa. Majibu yalipokuja kwamba ukingo ni safi, aliingizwa tena chumba cha upasuaji, akapewa nusu kaputi, na ngozi ikachukuliwa pajani kwenda kuziba kifua. Aliniambia paja lilimuuma kuliko kifua.

Pale ambapo haiwezekani kupata ukingo safi, mionzi husaidia kupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi. Vipo pia vidonge vya imatinibu. Wataalamu waligundua kwamba kwa wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100 wa aina hii, vipande vya kromosomu mbili, namba 17 na 22, vimebadilishana mahali na kuziamuru chembe zikue bila kukoma. Vidonge hivyo huzuia amri hiyo. Mwaka 2006 viliidhinishwa Marekani kwa watu wazima ambao uvimbe wao hauwezi kukatwa, au umerudi, au umesambaa. Havifai kwa mama mjamzito wala anayenyonyesha, kwa hiyo mweleze daktari wako hali yako bila kuficha.

Sakoma zinazoota ndani zaidi, kwenye misuli ya kifua au kwenye mbavu, huhitaji kazi kubwa zaidi. Mara nyingine mbavu mbili tatu huondolewa, nafasi yake ikawekwa wavu maalumu na kufunikwa kwa msuli uliogeuzwa kutoka mgongoni. Aina kali huongezewa mionzi au dawa za dripu kama doksorubisini. Hata zikirudi, si kwamba yote yamekwisha. Uvimbe uliorudi mahali palepale, ukigunduliwa ungali mdogo, unaweza kukatwa tena na mgonjwa akapona.

VIMBE NYINGINE ZA KIFUANI ZINAZORUDI

Mama mwenye titi anapaswa kujua pia hizi tatu.

Ya kwanza ni filodesi. Huota ndani ya titi na hukua haraka, pengine ikaongezeka maradufu kwa miezi michache. Mwanzoni hufanana sana na vile vinundu vya kawaida vya wasichana visivyo na madhara, na mama anayenyonyesha anaweza kudhani ni jipu. Nyingi si saratani, baadhi ni saratani, lakini zote zaweza kurudi zikikatwa bila ukingo wa nyama nzima.

Ya pili huwapata wachache waliowahi kutibiwa saratani ya titi. Miaka kadhaa baada ya mionzi, mara nyingi kati ya mitano na kumi, ngozi ya kifua inaweza kutoa mabaka ya zambarau kama mtu aliyegongwa. Mkono uliovimba kwa muda mrefu baada ya titi kuondolewa nao waweza kutoa mabaka hayo. Kama hukugongwa na baka haliondoki, nenda upesi. Hiyo ni sakoma ya mishipa, nayo ni kali.

Ya tatu ni desmoidi. Hii haisambai kabisa mwilini, lakini huzama kwenye misuli na kurudi mara kwa mara. Siku hizi madaktari wengi hawana haraka ya kuikata. Huanza kwa kuitazama kwa vipimo, maana nyingine husimama au hunywea zenyewe. Mwaka 2023 dawa ya vidonge iitwayo nirogasestati iliidhinishwa Marekani kwa ajili yake. Unaona, basi: uvimbe mmoja wakimbiliwa, mwingine wangojewa, na maabara ndiyo inayosema ni upi.

NYUMBANI

Naomba niseme na waume pia, kama gazeti hili linafika mikononi mwao. Mume wa rafiki yangu alimtania miaka miwili kwamba ameota titi la tatu. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mke akawa anavua nguo gizani, na akawa hasemi lolote juu ya uvimbe ule. Ukimya huo ulikula muda. Ilipofika siku ya kupelekewa majibu, mume ndiye aliyeyasoma, akakaa kwenye benchi la hospitali na kushindwa kusimama. Tangu hapo hakukosa kliniki hata moja, na ng'ombe wawili waliuzwa.

Wengine watakupa majani ya kukanda, au watakuambia usubiri maombi yakamilike kwanza. Omba, mpendwa, nami nitaomba nawe. Lakini omba ukiwa kwenye foleni ya hospitali. Kuomba na kupimwa havigombani. Majani ya kuchoma ngozi ndiyo mabaya, kwa kuwa hutengeneza kidonda juu ya uvimbe na kumpoteza daktari.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla hujakubali kukatwa uvimbe wowote, uliza haya bila aibu:

1. Daktari, unadhani ni nini? Kuna haja ya kuchukua kinyama kwanza?
2. Mkikata, kinyama kitapelekwa maabara gani, na majibu nitayafuata lini?
3. (Majibu yakija) Ukingo ulikuwa safi?
4. Kama ni sakoma, ni nani hapa nchini anayezitibu mara kwa mara?

Swali la nne ni la muhimu. Ugonjwa wa nadra wahitaji watu waliouona. Tanzania tunayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wasomaji wetu wa Kenya wanayo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na wale wa Uganda wanayo taasisi ya saratani ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967. Omba barua ya rufaa, na uende na karatasi zako zote. Majibu ya maabara ni mali yako. Tunza nakala mahali usipofika mvua wala mchwa, pamoja na vyeti vya watoto.

Na uvimbe wowote, popote mwilini, unaokua, au uliozama ndani, au uliozidi ukubwa wa ndimu, au uliorudi baada ya kukatwa, uhesabu kuwa wahitaji kupimwa hata kama hauumi. Nyingi zitakuwa mafuta tu, na utarudi nyumbani ukicheka.

BAADA YA KUPONA

Sakoma ya ngozi ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, lakini yaweza kukawia zaidi. Kwa hiyo kliniki huendelea kila baada ya miezi 6 au mwaka, na kwa aina kali kila miezi 3 hadi 6 pamoja na picha za kifua. Katikati ya kliniki, mara moja kwa mwezi ukitoka kuoga, pitisha vidole juu ya kovu na pembeni yake. Wewe ndiwe unayelijua kovu lako kuliko mtu yeyote.

Rafiki yangu yuko mwaka wa nne sasa. Mwezi wa tatu alihisi kitu kigumu kando ya kiraka chake. Hakungoja tarehe ya kliniki, wala hakumficha mume. Walipanda basi la alfajiri. Kinyama kikachukuliwa, kikatiwa kwenye chupa, na chupa akaishika mwenyewe mapajani mpaka maabara. Wakangoja wiki mbili na nusu. Majibu yalisema ni kovu.

Alinipigia simu siku hiyo. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anacheka. Akasema, "Dada, safari hii nilijua la kuuliza."

Basi, mama, kovu lako likianza kuota, usikubali likatwe kabla halijapimwa. Na kinachokatwa kisitupwe.